Begi la Watu Wawili

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na umri ambao wenzangu wanaitwa bibi. Nilisoma masomo ya jioni hapa Kahama, kwenye darasa lenye taa moja iliyokuwa ikiwaka inapojisikia, na matokeo yalipotoka nilicheka kicheko ambacho nina hakika kilisikika mpaka Burundi. Mtaani kwetu Nyahanga walishazoea kuniita mama mwanafunzi. Asubuhi nakaanga vitumbua, jioni nakaanga hesabu. Vitumbua viliungua mara chache, hesabu ziliungua kila siku.

Hakuna aliyekuwa ameniambia habari ya jioni zenyewe. Unaposoma, jioni zako zina kazi. Ukimaliza zinarudi zote kwa mkupuo, zinakaa barazani kama wageni waliokuja na godoro lao. Wenzangu wa darasani walitawanyika: huyu machimboni Geita, yule kaolewa Masumbwe, mwingine anauza vifaa vya simu na hana muda hata wa kupiga simu. Kundi letu kwenye simu, lililokuwa na kelele kuliko mnada wa ng'ombe, likabaki na picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Nazituma mimi. Nazisoma mimi. Wakati mwingine najijibu.

Ndipo nikakikumbuka kilima.

Kiko nyuma ya kijiji nilikozaliwa, Bukombe. Si kirefu, ingawa kwenye masimulizi yangu huwa kinagusa mawingu na ndege hupumzikia katikati wakipanda. Utotoni tuliishia chini yake, kuokota kuni. Nani apande? Hakuna shamba juu, hakuna maji, hakuna kanisa. Halafu nilipokuwa na binti yangu mmoja, yule mmoja niliyejaliwa, tulikuwa tukienda kwa wazazi wangu nikiwa nimembeba mgongoni. Siku moja akatoa kidole kwenye kanga, akakionyesha kilima, akauliza, "Mama, upande wa pili kuna nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia tutakwenda kuona, mimi na wewe.

Mtoto akakua. Wazazi wangu wakafariki, nyumba ikaanguka, kaka zangu wakaifuata dhahabu. Binti yangu sasa yuko Chato, anafanya kazi kwa tajiri mmoja wa dagaa. Nilipompigia kumwambia nataka twende kilimani, alicheka mpaka akakohoa.

"Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi, nina cheti. Mtu mwenye cheti anapanda vilima."

"Haya, nitakuja. Niombe ruhusa tu. Nitakuja mama, kweli."

Basi nikaanza kutafuta begi. Ningeweza kwenda na kiroba kichwani, kama tulivyokwenda kila mahali tangu dunia iumbwe. Lakini jioni zangu nilikuwa nazimaliza kwenye simu, nikitazama video za watu wanaopanda milima ya huko kwenye theluji, na wote walikuwa na mabegi ya mgongoni yenye kamba nyingi kuliko mashua. Mmoja alisisitiza jambo nililolielewa hata bila kuijua lugha yake vizuri, maana alikuwa akijipiga kiunoni: uzito hauwekwi mabegani, unawekwa kiunoni, kwa mkanda mpana. Begi lisilo na mkanda wa kiunoni, alionyesha kwa mkono, tupa.

Madukani mabegi mapya niliyatazama kwa nje tu, kama mtu anavyotazama harusi ya tajiri. Nikasubiri siku ya mnada nikaenda Runzewe, ambako mitumba humwagwa chini kwenye maturubai na ukiinama vizuri unapata kitu. Muuza mabegi alikuwa kijana mwenye sauti ya kuweza kuamsha mamba ziwani.

"Karibu mama yangu! Begi la kazi hilo! Hilo lishabeba mawe mpaka mawe yakaomba poo!"

Alilishika begi kubwa la rangi ya chungwa, akatupia humo jiwe alilokuwa amelikalia, akalitingisha mbele ya uso wangu. Kwetu begi zuri ni lile linalobeba mawe. Ukiuza begi machimboni husemi lina mifuko mingapi, unasema chini limeshonwa mara ngapi.

"Mzee anashukia duara gani?" akaniuliza, yaani shimo la wachimbaji.

"Mzee hayupo. Begi ni langu. Na mimi sishuki, napanda."

"Unapanda wapi?"

"Kilimani. Kule Bukombe."

Kijana akaacha kutingisha. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniinamia kama anayetaka kuungama. "Mama. Kuna rashi?"

Rashi ni pale habari ya dhahabu inapovuja, na kabla jua halijazama watu wameshahamia porini na masufuria yao. Hapa kwetu mtu akisema anakwenda kilimani na begi kubwa, maelezo ni hayo tu.

"Hakuna rashi mwanangu. Nakwenda kutembea."

"Sawa, sawa," akasema huku akinikonyeza. "Kutembea. Nakuelewa. Ukishatembea usinisahau."

Jirani yake muuza viatu alikuwa ameshasikia. Akanichagulia gamboti bila kuombwa.

Nililigeuza lile begi la rangi ya chungwa. Lilikuwa kubwa vizuri. Ungeweza kuweka ndani kuku wa Nyahanga nzima na wakabaki na uwanja wa mpira. Lakini pale ambapo mkanda wa kiunoni ulitakiwa kuwa, kulikuwa na vipande viwili vilivyokatwa kwa kisu.

"Mkanda uko wapi?"

"Tunaukata mama. Shimoni unanasa kwenye matimba, yale magogo ya kushikilia kuta. Mchimbaji hataki kitu cha kumfunga kiuno, akiitwa juu anataka apande haraka. Mikanda wanachukua watu wa bodaboda, wanafungia mizigo."

Kumbe ndiyo maana nyuma ya kila pikipiki ya Runzewe nilikuwa naona mikanda mizuri imekumbatia kreti za soda. Nikacheka. Yule bwana wa kwenye video angelia.

Kulikuwa na lingine, dogo, la kijani, zima kabisa, mkanda wake upo, na kifungo kinachofanya *ta!* ukikibana. Nikalivaa. Likanikaa kama limeshonwa kwa kipimo changu. Bei yake ya kufungulia ilinifanya nikae chini, lakini tukavutana, nikamwita mwanangu, akaniita mama mzazi, nikaondoka, akaniita, nikarudi, mpaka mabegi yote mawili yakawa bei sawa kila moja, ile ile niliyokuwa nayo kwenye pindo la kanga.

"Chukua la kijani mama," akasema, na safari hii hakuwa anafanya biashara. "La kijani ni la mtu mmoja, hutachoka. Hilo kubwa ni la mzigo wa watu wawili. Mnaenda wangapi?"

"Wawili," nikajibu. Nilijibu upesi mno, kama mtu aliyeulizwa kama amelipa nauli.

Nikachukua la rangi ya chungwa.

Nyumbani nililijaza unga na vitenge nijaribu kutembea nalo sebuleni. Sebule yangu si kubwa. Ukipiga chafya umefika jikoni. Begi lilinivuta nyuma, mabega yakalalamika, nikawa natembea kama mlevi anayemtafuta mtu wa kugombana naye. Nikasimama nikafikiri. Halafu nikainama kidogo, nikalirusha juu ya mgongo, na mkono ukaenda wenyewe kitandani ukachukua kanga. Nikaizungusha, nikaikaza chini ya begi, nikafunga fundo juu ya kifua. Mzigo ukatulia kiunoni pale pale alipokuwa anaonyesha yule bwana. Nilipokaa sawa nikagundua mkono wangu mwingine uko nyuma, unalipigapiga begi chini, polepole, kama linataka kulia.

Nikajicheka. Nyumba ikawa kimya, maana hakuna aliyenisaidia kucheka.

Siku moja kabla ya safari niliweka michembe, viazi vitamu vya kukausha, niliyoipika na karanga, ya watu wawili, na vikombe viwili vya plastiki. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshapanda gari?"

"Mama, mzigo wa dagaa umeingia mwingi. Tajiri amekataa. Nimembembeleza. Twende mwezi ujao, eh? Mama?"

Nikamwambia mwezi ujao kilima kitakuwepo, hakina miguu, na kikihama nitakifuata na polisi. Nikamwambia hao dagaa awape salamu zangu, awaambie bibi yao yupo. Nilitania vizuri mno. Alicheka, akashusha pumzi, akaaga akiwa na furaha. Nikabaki na simu mkononi, nikitafuta ni nani niendelee kumtania.

Michembe sikuipunguza. Vikombe sikuvitoa. Nilijua nikilifungua lile begi kukitoa kimoja, sitaondoka tena. Na huyo "mwezi ujao" nilikuwa nimeshaishi naye miaka mingi, namfahamu tabia.

Asubuhi nikapanda basi, nikashuka senta, nikafunga kanga yangu barabarani mbele ya watu wa bodaboda, nikashika njia ya kilimani. Mashamba mengi yalikuwa yamevunwa. Nilipita palipokuwa nyumba yetu. Mtu amelima pale karanga, na zimestawi kwelikweli. Sikumjua wa kumuuliza.

Karibu na miguu ya kilima nikakutana na mama mmoja wa rika langu, anatelemka na beseni la mihogo kichwani.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka," nikaitika.

Akaliona fundo kifuani, uso ukalainika. Kwetu humsalimii mama ukamwacha aliye mgongoni. "Na huyo mgeni, kalala?"

"Kalala," nikasema.

"Ngoja nimwone basi." Akashika beseni kwa mkono, akazunguka nyuma yangu. Akapiga yowe la kicheko ambalo lingeangusha mihogo yote kama asingekuwa fundi wa kubeba. "Yesu na Maria! Mwenzangu umezaa begi!"

"Limefanana na baba yake."

"Baba yake ndiye alikuwa wa rangi hii?"

"Alikuwa mbaya zaidi."

Tulicheka mpaka akaliteremsha beseni ajifute machozi. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia juu. Akauliza kuna dhahabu? Hakuna. Kuna mtu ananisubiri? Hakuna. Nina mwenzangu anayekuja nyuma?

"Alikuwa aje," nikasema.

Akaacha kucheka. "Pole," akasema, kwa sauti ya msibani.

Sikuwa na utani wa kujibu pole hiyo. Niliutafuta, nakwambia, mimi ambaye utani haujawahi kuniishia tangu nizaliwe.

Alilisukuma beseni pembeni ya njia kwa mguu. "Twende nikusindikize. Mgeni haondoki peke yake, watatusema."

Akanisindikiza. Alitangulia mbele, akinionyesha pa kukanyaga, akiniambia mawe gani yanateleza na nyoka gani ana adabu. Tulipofika kwenye jiwe kubwa lililolala kama ng'ombe, akasimama. Mihogo itakaukia juani, akasema. Kusindikiza kuna mwisho wake, kila mtu anajua, ukizidi unakuwa safari. Akanigusa begani, akalipiga begi kofi moja dogo, "Mwangalie mama yako huko juu," akaliambia, akatelemka.

Nilimaliza peke yangu. Siwezi kusema niliruka kama mbuzi. Nilipumua kwa sauti ambayo wenye karasha la kusagia mawe wangenitafuta waniajiri.

Juu kulikuwa na upepo na majani mafupi. Nikafungua kanga, nikaweka begi chini. Lilikuwa nusu tupu, likajilaza ubavu. Simu ilikuwa imeshika mtandao kidogo. Nikapiga.

"Mama! Uko wapi, mbona upepo hivyo?"

"Niko juu."

Nikasikia watu wa mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa, wakipiga kelele nyuma yake, mtu anahesabu magunia. "Na nani?"

"Na begi."

Kisha kwa sauti ndogo, ile ile iliyokuwa ikitoka ndani ya kanga, akauliza, "Upande wa pili kuna nini?"

Nilikuwa na majibu tayari. Nilikuwa na simba, nilikuwa na ziwa lote mpaka Uganda, nilikuwa na mji wa dhahabu. Nikatazama. Kulikuwa na mashamba kama ya kwetu, mabati machache yanayong'aa, barabara nyekundu, na lori moja la mawe likienda na vumbi lake. Na nyuma ya hayo, kilima kingine.

"Kuna mashamba," nikasema. "Kuna lori. Kuna—"

"Usiniambie yote, mama. Niachie."

Nikamwachia. Tajiri wake akamwita, simu ikakatika.

Nikala fungu langu la michembe. Nikanywa maji kwa kikombe kimoja, kile kingine nikakirudisha kama kilivyokuja, kisafi. Halafu nikainama, nikalirusha begi mgongoni, nikafunga fundo.

Nilipofika chini, yule mama hakuwepo. Pembeni ya njia majani yalikuwa bado yamelala, pale lilipokuwa beseni.