Shela Tano Zilizofungwa Kidevuni

Harufu ya pasi ya makaa ikikutana na kitambaa cheupe chenye unyevu, mimi hupotea kabisa. Mteja anaweza kuwa amesimama mbele yangu hapa dukani Jabe, ananieleza gauni analolitaka, nami nimeshapanda mlima hadi Mutanga Nord, nina miaka tisa, nimekaa juu ya jamvi katika chumba cha kushonea cha mamasera, na nimekatazwa kusema. Mamasera ndilo jina tunalowaitia watawa wa Kikatoliki huku kwetu. Na kunikataza mimi kusema halikuwa jambo dogo, jamani. Mtaani waliniita Redio. Habari ya nyumba yoyote ile nilikupa bila kuulizwa, tena kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alibaki na mimi na cherehani yake ya mkono. Alishonea watoto wa madrasa hijabu na wanawake wa mtaani nguo za Idi, kazi inayokuja kwa msimu na kuondoka kwa msimu. Siku moja mkuu wa nyumba ile ya watawa, Masera Konsolata, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja sokoni kununua vifungo. Akasimama mbele ya mama, akachukua gauni lililokuwa limetundikwa, akaligeuza ndani nje na kukagua mishono kama daktari anayeangalia ulimi wa mgonjwa. Alimwambia mama aje likizo kubwa awashonee shela tano, kwa sababu masera aliyekuwa akishona, Masera Perpetua, macho yake yalikuwa yamekwisha. Kazi ikitoka vizuri, kile chumba cha kushonea kingekuwa cha mama mwaka mzima, mashuka, mapazia, sare za watoto wa shule yao, vyote mikononi mwake. Usiku ule mama hakula. Alikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote.

Basi kila asubuhi cherehani ilifungwa nyuma ya baiskeli ya jirani, sisi tukafuata kwa miguu. Na siku ya kwanza tu, nilipovuka lango lile, nilishikwa na bumbuwazi. Nyumba ilikuwa na watu zaidi ya ishirini na hakuna aliyekuwa akiongea. Ilikuwa desturi yao: tangu sala ya alfajiri mpaka kengele ya adhuhuri, wanapomsalimu Maria, kila mtu alifanya kazi kwa kimya. Nilisikia ufagio uani, maji yakimiminwa, kisu kikikata mboga za lengalenga jikoni, na viatu vya mpira vikipita ukumbini. Mpaka siku ile sikujua kwamba kisu kina sauti. Mamasera walikuwa kumi na wawili, na pamoja nao waliishi vijana wa kujitolea, waliokuja kutoa mwaka mmoja wa maisha yao bila mshahara. Walifundisha watoto kusoma, waliosha wagonjwa wa zahanati, walifua, walilima. Mmoja wao, Egide, alitoka Kigobe, kwenye nyumba yenye mlinzi na mpishi, na kazi yake hapa ilikuwa kusugua masufuria. Aliyasugua kwa majivu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, uso unang'aa. Nilimtazama mpaka shingo ikaniuma. Nani alimlazimisha? Hakuna. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa.

Lakini niliyempenda ni Daphrose. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ana mwanya, na mwaka wake wa kujitolea ulikuwa umekwisha. Yeye na wenzake wanne waliomba wasirudi makwao, wabaki wawe watawa, na Jumapili iliyofuata ndiyo wangevikwa zile shela nyeupe za kuanzia. Ndugu zake walikuwa wanatoka mkoani kuja kumwona. Siku ya kwanza, baada ya kengele, nilimtajia jina langu la mtaani, akaniinamia, akaniuliza, "We Redio, utaweza kunyamaza wiki nzima kama sisi?" Nikamwambia naweza hata mwaka. Alicheka mpaka akashika mlango. Nikaapa moyoni kwamba nitamwonyesha.

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia. Masera Konsolata alimkabidhi mama kitambaa cha tetroni, kimepimwa kwa shela tano na si zaidi, akamwambia, "Ni voile tu, mama. We si unajua voile? Hata nyinyi munavaa." Kisha akaondoka kwenda Gitega kwa kazi za shirika lao, arudi Ijumaa. Voile! Ni Kifaransa cha shela, na kwa mama neno hilo lilikuwa na maana moja, ile aliyoishona mara mia: kitambaa kinachozunguka uso, kikafungwa kwa mshono chini ya kidevu, kikashuka mpaka kifuani. Angeweza kumuuliza mtu. Lakini mama aliichukua ile desturi ya kimya kwa uzito kuliko wenyewe. Aliona hata kuuliza swali ni kuvunja sala ya watu. Na adhuhuri, ulimi ulipofunguliwa, aliona haya, fundi mzima kuuliza voile ni nini. Kila shela ilipokwisha aliikunja, akaifunika kwa kanga isipate vumbi. Vijana walipita mlangoni, wakainamisha kichwa kwa tabasamu, wakaenda zao.

Mimi niliona. Siku ya pili niliona. Masera aliyeleta chai alikuwa na shela ya buluu iliyoangukia mgongoni, masikio nje, shingo nje, na nywele kidogo mbele. Nikatazama kile alichoshika mama, nikatazama yale masikio. Nikavuta sikio langu mwenyewe, nikamwonyesha mama kwa kidole. Akanipiga kikofi mkononi, akidhani nacheza. Nikasema moyoni, nitamwambia kengele ikilia. Kengele ikalia, tukaitwa mezani, na mezani palikuwa na bugali na ndagala waliokaangwa kwa mafuta ya mawese mpaka wanavunjika mdomoni. Nikasahau. Ningependa kuwa na sababu nzuri zaidi ya kuwaelezeni, lakini ndio ukweli wenyewe. Redio ya Jabe, iliyotangaza hata yasiyotokea, ilikosa kutangaza jambo moja la maana kwa sababu ya samaki wadogo.

Ijumaa, kengele ya adhuhuri ilipokwisha kulia, Masera Konsolata aliita wote ukumbini. Daphrose alipewa shela ya kwanza. Akaitazama, akaigeuza, akatafuta mbele na nyuma, kisha akaingiza kichwa. Alipoinua uso, alikuwa amefunikwa masikio, shingo na kifua, uso wake wa duara ukitokeza katikati na ule mwanya wake. Lo! Ungemkuta Jabe na msahafu kwapani usingemshangaa. Ukumbi ukawa kimya, kimya tofauti na kile cha asubuhi. Halafu Egide akatoa sauti puani, na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Mamasera wakongwe walifuta macho kwa mikono ya kanzu zao. Daphrose mwenyewe alikuwa akicheka.

Mama hakucheka. Alitazama shela ya buluu ya Masera Konsolata, akatazama kazi yake, na nikaona midomo yake inapoteza rangi. "Mi nilizania hawa wapya munawafunika zaidi," alisema polepole. "Nikasema, wakizoea, ndio munawafungua." Kicheko kikarudi mara mbili. Mama akaanza kukunja kanga yake, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mimi nililia kwa sauti. Nilijua chumba kimekwenda, na nilijua ni mimi, mimi niliyeona, nikala ndagala.

Ndipo Masera Konsolata akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia mwili unanisisimka. Alikwenda ukutani, akashika kamba, akapiga kengele ya kimya, mchana ule, saa isiyo yake. Kicheko kikazimika papo hapo. Akavuta kiti, akaketi karibu na mama, akatoa wembe mdogo wa kufumulia na kumpa mkononi, kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyopewa mkubwa. Kisha akangoja. Mama alielewa. Akafumua mishono ya kwanza chini ya kidevu, akawaonyesha kwa vidole: msikate, mkunje ndani tu, hivi, mbele na pembeni. Wote wakakaa chini, mamasera na vijana, wakagawana shela zile tano na sindano zote za nyumba. Hakuna aliyesema neno mchana kutwa. Egide alijichoma mara tatu akanyonya kidole. Masera Perpetua, asiyeona, aliletewa shela moja magotini, akaipapasa kwa ncha za vidole urefu wote wa pindo, mara mbili, halafu akauchukua mkono wa mama na kuuweka shavuni kwake. Mama, ambaye sikumwona akilia siku ya maziko ya baba, alilia pale, akaendelea kushona. Nilikaa kwenye jamvi nikiwatazama watu ishirini wananyamaza ili mwanamke mmoja asione aibu. Sijawahi kuona ibada iliyonitisha kama ile, ibada nzuri.

Jumapili zile shela zilivaliwa, zimekunjwa na kupigwa pasi, na hakuna mgeni aliyejua kilichojificha ndani ya pindo. Jumatatu mama alirudi Mutanga Nord na cherehani yake, na alikaa katika chumba kile miaka kumi na saba.

Mwaka jana mama alifariki. Mimi sasa nina duka lenye cherehani nne za umeme, redio halisi inayopiga kelele, simu mbili, na wasichana watatu wanaonishinda kuongea, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Siku ya pili ya matanga, asubuhi, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka wanasoma Yasini, mlango ulifunguliwa akaingia mwanamke mnene kidogo, amefunika kichwa kwa shela nyeupe ya zamani, imegeuka rangi ya maziwa. Wenzangu walimsogezea nafasi wakidhani ni jamaa yetu kutoka Buyenzi. Akaketi karibu nami. Ile shela ilifunika masikio, shingo na kifua, nayo ilikuwa imefungwa kwa mshono chini ya kidevu. Alipotabasamu nikaona mwanya.

Daphrose siku hizi ndiye mkuu wa nyumba ile. Ya buluu aliiacha nyumbani. Alikuwa ameitunza ile ya kwanza miaka yote hiyo, na usiku aliposikia habari alikaa akaufungua ule mkunjo, akaishona upya kama mama alivyokuwa ameishona. Alinisogelea sikioni, akanong'ona, "Nimeishona vibaya, Redio. Mama yako angenifumulisha."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno ya miaka ishirini na zaidi. Badala yake niliupapasa mshono ule kwa kidole, chini ya kidevu chake, tukakaa hivyo, kimya, mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri. Ulikuwa umepinda, na uzi alioutumia ulikuwa wa buluu.