Mate ya Mama

Enzi zetu pale Kaloleni hakuna mtoto aliyekuwa na saa. Saa yetu ilikuwa mate ya mama. Ukitumwa dukani, anatema mate kwenye sementi ya mlangoni, jua likiwaka, anakwambia, "Yakauke kabla hujarudi, utanitambua!" Wee! Ulichomoka hata kabla ya kusikia unatumwa nini. Mara ngapi nilifika dukani nikasimama kama zuzu, nimesahau kama ni chumvi au kiberiti!

Vijana wa sasa wanavaa saa zinazowahesabia mpaka mapigo ya moyo, na wakipanda ngazi tatu wanatafuta kiti. Sisi tulicheza mpira wa kati na kujificha kwa brikicho pekupeku hadi harufu ya mgongo wazi ituite nyumbani, ile mifupa ya samaki mbuta iliyokaangwa tukainyonya mpaka ikabaki nyeupe. Na mimi nilikuwa na mbio, sitadanganya. Nilirudi mate yakiwa bado na povu, na Mama, ambaye alikuwa akiuza samaki wa ufuo wa Dunga, alinipa kichwa kizima peke yangu.

Achieng, dada yangu aliyenifuata, hakuyashinda mate hata siku moja. Alirudi akitembea, mkono kiunoni, macho ya manjano, akisema mifupa inamuuma. Mama alimchapa. "Mvivu tu huyu. Ndugu yake ana miguu miwili, yeye ana mingapi?" Mimi nilicheka. Nilicheka sana.

Siku moja Mama alikwenda Dunga kuchukua samaki, akaniachia nyumba. Nikajifanya mkubwa. Nikatema mate, nikamtuma Achieng chumvi. Chumvi ilikuwepo; nilitaka tu kumcheka akichelewa. Lakini siku hiyo alikimbia jamani. Nilimwona akikata kona akirudi, mdomo wazi, gauni limegandana na mgongo kwa jasho, na mate bado hayajakauka pale chini. Wivu ukanishika. Nikayafuta kwa kisigino.

"Yamekauka," nikamwambia. "Rudi, ulete kiberiti."

Aliitazama sementi, akanitazama mimi, akageuka akakimbia tena. Safari hiyo alirudishwa mgongoni mwa mama mmoja muuza sukuma wiki, aliyemkuta ameanguka njiani. Alililia mifupa yake siku mbili. Ya tatu akanyamaza, tukamzika. Watu walisema ni malaria, wengine wakasema ni jicho la mtu. Mama alikaa pale mlangoni akarudia neno moja tu, "Kumbe alikuwa mgonjwa." Hakutema mate tena pale.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, binti yangu Akinyi alipolazwa na maumivu yale yale. Daktari akaniambia ni selimundu. Akikimbizwa juani bila maji, chembe za damu yake hujikunja kama mundu na kuziba mishipa, hewa haifiki mwilini. "Kila mwili una mwisho wa mbio zake, Baba Akinyi," alisema. "Hata bingwa wa dunia ana wake. Wa huyu uko karibu." Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Siku hizi vijana wa jirani hutazama mbio kwenye simu, wakibishana kama ipo siku binadamu atampita duma. Nyama na damu, watoto wangu, zina mwisho! Nawaacha wabishane.

Leo mtoto anaweza kupimwa damu akiwa bado mchanga. Enzi zetu tulipimwa kwa mate. Akinyi akitumwa huenda na chupa yake ya maji, akitembea, na akirudi huniuliza, "Baba, nimechelewa?" Namwambia hajachelewa. Mama, ambaye sasa ni mzee na anaishi nami, hutikisa kichwa na kusema, "Shangazi yako, maskini, hakuyashinda mate hata mara moja."

Mimi humjibu moyoni tu. Aliyashinda, Mama. Mimi ndiye niliyeyafuta.