Shati Lenye Madoa ya Kutu

Suruali iliyopita mikononi mwake ilirudi kwa mwenyewe na mstari uliosimama wima kiasi kwamba fundi viatu, jirani yake, alikuwa akiwaonya wateja wasiupapase ovyo, wasije wakajikata. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mstari. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake, na mama alikwisha tangulia.

Mstari alikuwa dobi. Mkewe alifua uani, yeye akapiga pasi katika chumba cha mbele kilichotazama barabara ya vumbi. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, kamba za kutundikia nguo, jiko la mkaa pembeni, na pasi mbili za mkaa: moja kazini, nyingine ikipata moto. Umeme ulikuwapo, lakini ulikuwa kama mgeni asiye na adabu, huja anapotaka na huondoka bila kuaga. Mstari alisema mkaa hauna maringo.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo alilipigilia misumari kwa mkono wake. Sababu alikuwa nayo. Kila gari lililopita lilitimua vumbi, na vumbi likitua kwenye shati jeupe, kazi ya mkewe ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Basi dirisha likafungwa, mlango ukawekewa pazia zito, na nguo za watu zikawa zinatoka safi. Moshi wa mkaa ukakosa pa kutokea, ukahamia kifuani mwake.

Na huyu alikuwa mtu ambaye hajawahi kuonja sigara. Waliovuta aliwasema kama hakimu. "Mwenye akili hanunui moshi," ndiyo kauli yake. Ni kweli, hakuununua. Aliupata bure, kutwa, mwaka baada ya mwaka, na akajiona mtu mwenye busara.

Alikuwa na fahari nyingine pia. Nguo iliyokauka sana hainyooki mpaka ipate unyevu. Wengine huchovya vidole wakanyunyiza. Mstari alipiga funda la maji, akabana midomo, akapuliza, na maji yakatoka kama umande, yakatua kwenye kitambaa sawasawa bila hata tone moja kubwa. Watoto wakitoka shule walisimama mlangoni kumtazama, naye akiwaona aliongeza mbwembwe.

Mteja mmoja tu ndiye aliyemkataza. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kutafuta makosa, na jicho la kazini alirudi nalo nyumbani. Kifungo kilicholegea, kola iliyopinda, uzi uliochungulia penye mshono, vyote aliviona kabla hajatua mkoba. Mstari na fundi viatu walimwita Bi Kasoro, bila shaka akiwa hayupo.

"Fundi, kwenye mashati yangu tumia mkono," alimwambia zamani. "Mate yako ni mali yako, kaa nayo."

"Nimekusikia, dada."

Alimsikia, ila hakumtii. Shati lisingesema. Lakini mtu akishajiuliza "nani atajua?", tayari yupo mmoja anayejua, naye ni yeye mwenyewe.

Kikohozi kilianza kama vikohozi vyote, kwa kuomba radhi. Kikaja cha usiku, kisha homa iliyomtetemesha chini ya mablanketi, kisha maumivu ya ubavuni yaliyomchoma kila alipovuta pumzi. Mkewe akasema hospitali. Yeye akasema, "Nani atapiga pasi?" Fundi viatu, rafiki wa miaka mingi, ndiye aliyempa neno alilotaka kulisikia.

"Vumbi tu hilo, ndugu yangu. Likohoe litoke, maisha yaendelee."

"Umesikia?" Mstari akamwambia mkewe. "Hata fundi viatu anajua."

"Shemeji yangu anajua soli," mke akajibu. "Ukianza kutoboka chini nitamwita."

Walicheka, na yeye alicheka mpaka akakohoa, akageukia ukutani na kitambaa mdomoni. Alichokiona kwenye kitambaa kile hakukisema. Akakikunja, akakitia mfukoni, na jioni akakifua mwenyewe nyuma ya nyumba. Mkewe alimwona akisugua, akashangaa, kwa sababu katika ndoa yao yote mume yule hajawahi kufua hata soksi. Alidhani pengine utu uzima umemletea huruma. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Mstari alikuwa akiyaficha kwa sabuni.

Asubuhi iliyofuata Bi Kasoro aliingia na shati lake jeupe mkononi, lile alilolichukua jana yake jioni. Gari la kiwandani lilimsubiri nje. Hakusalimia kwanza, na hilo peke yake lilikuwa jipya. Alilitandaza shati mezani. Mgongoni mwake mlikuwa na vidoa vidogo vidogo vya rangi ya kutu, vimetawanyika kana kwamba mtu amevinyunyiza.

"Haya ni nini, fundi?"

Mstari aliinama akatazama. Tangu aanze kazi hajawahi kurudishiwa nguo yenye doa. Jasho lilikuwa likimtoka, akalifuta kwa kiganja.

"Hayakutoka hapa, dada. Labda kabatini kwako."

"Kabati langu la mbao. Mbao haina kutu. Pasi yako ndiyo inayooza."

Hapo alimgusa penyewe. Mstari aliinyanyua pasi iliyokuwa haina moto, akaipindua, akamwekea chini ya macho. Kitako chake kilimeta kama kioo. Kila jioni alikisugua kwa majivu na kukipaka nta, hilo kila mtu alilijua.

"Tazama," akasema, akihema. "Pitisha kidole. Ukipata kutu, sitagusa pasi tena maishani."

Bi Kasoro alipitisha kidole, akakitazama. Akayatazama maji kwenye kikombe kilichokuwa mezani: yalikuwa meupe. Akakitazama kikombe chenyewe: cha udongo. Alikuwa akisoma chumba kile kama ukurasa.

"Basi kama si kabati, si pasi, si maji, wala si kikombe," akasema taratibu, "kimebaki kitu gani kilicholigusa shati langu?"

Mstari alifungua mdomo ajibu. Badala ya jibu kikatoka kikohozi, kirefu, kilichomkunja mpaka akashika ukingo wa meza. Alipotoa kitambaa mdomoni, yule mwanamke alikuwa ameshamzunguka na kukichukua. Rangi ilikuwa ileile.

Pazia lilisogea, mke akaingia na beseni la nguo. Bi Kasoro alimwonyesha kitambaa, kisha shati. Hakuhitaji kueleza. Mke wa dobi anajua madoa.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unafua," akasema mkewe. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimuumiza Mstari kuliko hasira.

"Ugomvi wa mate tutaumaliza ukipona," akasema Bi Kasoro. "Gari liko nje. Mama, mshike upande ule."

Alitaka kukataa. Pumzi ya kukatalia haikuwapo.

Hospitali walimwambia ni nimonia, na kwamba imelishika pafu moja lote na imeanza kupiga hodi kwenye la pili. Daktari alimuuliza anafanya kazi gani na wapi, akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Moshi ulilegeza komeo siku nyingi," akasema. "Ugonjwa ulipofika ulisukuma tu mlango. Ungekaa nyumbani siku mbili tatu zaidi, leo ningekuwa nazungumza na mkeo peke yake."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sidhani kama walimfikiria dobi, lakini neno limemkaa sawasawa.

Alilala na bomba la oksijeni puani, akisikia mlio wake mwembamba, na kwa mara ya kwanza aliiona pumzi kuwa kitu anachopewa. Zamani ilikuwa ikija yenyewe, kama mke anavyoleta chai, na wewe hunyanyui hata macho. Sasa alilala akishukuru kwa kila moja. Hakuwa mtu wa sala ndefu, ila siku zile sala yake ilikuwa fupi na haikukoma.

Homa iliposhuka, alikuja muuguzi kijana kumfundisha kupumua. Mstari aliona ni mzaha.

"Sista, hilo nililijua siku niliyozaliwa."

"Na umelisahau, baba. Vuta kwa pua, polepole. Sasa bana midomo, toa kama unapuliza mshumaa lakini hutaki uzimike."

Akamletea chupa ya maji nusu na mrija, apulize mapovu. Midomo ilijikunja yenyewe, maana huo ulikuwa ufundi wake. Lakini mtu aliyekuwa akitoa umande mbele ya watoto wa shule alipuliza, na maji hayakutikisika. Akapuliza tena, likatoka povu moja, likapasuka. Mkewe alikuwa amekaa kando ya kitanda. Hakucheka.

"Hilo moja ni zuri," akasema. "Mviringo."

Siku zilivyopita mapovu yaliongezeka. Fundi viatu alipokuja kumwona, aliikuta chupa ikichemka kama sufuria, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nilikwambia ni vumbi, ndugu yangu," akasema. "Nilikuwa mpumbavu."

"Tulikuwa wawili," Mstari akajibu, akapuliza.

Aliporuhusiwa kurudi, alipewa dawa na onyo azimalize zote, hata akijiona mzima. Aliambiwa atembee kila siku, leo mpaka kwenye kona, kesho avuke kona, na asikae tena na mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Aliitikia yote. Kisha akafika nyumbani, akakuta dirisha liko wazi.

Misumari ilikuwa imeng'olewa kwa koleo la fundi viatu. Jiko lilikuwa uani, mkaa sasa ukiwashwa huko, na pasi zikiingizwa ndani moshi ukishaisha. Pazia zito limeondoka, pametundikwa kitambaa chepesi. Nguo zilizokwisha pigwa pasi zilikuwa zimefunikwa shuka. Na mezani, mahali pa kikombe chake, palisimama chupa ya kupulizia maji, kama ya kinyozi.

Mstari aliyatazama haya kama mtu aliyeibiwa.

"Mama Watoto, vumbi hili. Nguo za watu zitachafuka."

"Zikichafuka nitazifua tena," mkewe akasema. "Vumbi linafulika. Mapafu nitayaanika wapi?"

Nje, fundi viatu, ambaye masikio yake yalikuwa makali kuliko sindano zake, akadakia, "Ukitaka kunyoa nywele pia, sasa una vifaa."

Mstari alikaa kwenye kiti. Upepo ulipita dirishani, ukagusa uso wake, ukatikisa mikono ya mashati kwenye kamba. Alikuwa amezilinda nguo za watu kwa uaminifu, akamwacha mume wa mwanamke huyu afe taratibu pembeni ya meza. Uaminifu unaosahau uhai si uaminifu kamili. Mwili nao ni amana, na mwenye amana ataiulizia siku moja. Dirisha lilibaki wazi.

Lilibaki shati. Mkewe alikuwa ameliloweka na kulifua mpaka madoa yakatoka yote, kisha akalikunja, akaliweka kando bila kulipiga pasi. Bi Kasoro mwenyewe hakuja kulidai. Alituma salamu tu kupitia kwa jirani: shati linaweza kusubiri, fundi asiharakishwe.

Siku Mstari alipoweza kwenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi bila kusimama, alisema, "Leo nilete lile." Mkewe alitaka kumsaidia, akakatazwa kwa upole. Alishika chupa ya kinyozi, akanyunyiza. Matone yalikuwa makubwa kuliko ya mdomo wake, na hilo lilimchoma kidogo. Akapiga kola, akakaa, akavuta kwa pua, akatoa kwa midomo iliyobanwa. Akapiga mgongo, pale palipokuwa na madoa, akakaa tena. Zamu ya mikono ya shati ilipofika, alikuwa amechoka, lakini alimaliza.

Jioni Bi Kasoro alikuja. Safari hii alisalimia. Akaulizia kifua, akaulizia dawa, akaulizia usingizi. Kisha akalichukua shati, akalipeleka dirishani, maana sasa palikuwa na mwanga, akaligeuza mbele na nyuma. Mke alikuwa amesimama na beseni. Nje, nyundo ya fundi viatu ilinyamaza.

"Mkono wa kushoto una mistari miwili," akasema.

Zamani Mstari angeapa kwamba shati lilikunjwa vibaya njiani. Alisimama, akasogea dirishani, akatazama. Ilikuwa miwili.

"Asante, dada," akasema.

"Asante ya nini? Nimekwambia umekosea."

"Hilo ndilo ninalokushukuru. Na lile la siku ya madoa pia. Wote walioniambia niko sawa walinipenda, lakini hawakunisaidia." Akaligusa shati. "Na nilikuwa napulizia mashati yako kwa mdomo. Ulinikataza, sikukutii. Nisamehe."

Bi Kasoro alimtazama kwa muda, jicho lake la kurasa likitafuta kosa, na safari hii halikuliona. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Nilikwisha samehe kwenye gari," akasema. "Haya, nyoosha huo mkono. Ila kaa kwanza upumue, mimi sina haraka."

Mstari akakaa. Akavuta pumzi kwa pua, ikaingia mpaka chini, bila kuchoma popote. Alimkuta mkewe akimtazama. Akaitoa taratibu, akainuka, akaichukua pasi.