Mudomo Hana

Katika miaka ile ya vita ambayo watu wa Bujumbura walikuwa wakimwomba Mungu wafike kesho na viungo vyao vyote, mimi nilikuwa nikimwomba aniongezee midomo. Naandika hivi mapema ili msomaji asije akanifikiria vizuri halafu nikamvunja moyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, naishi Buyenzi kwa baba yangu, fundi wa magari, na asubuhi nachapa barua katika ofisi moja karibu na bandari. Kijana mmoja muuza vitambaa alikuwa amenipenda, nami nilimpenda kuliko nilivyomwonyesha. Kabla wazee wake hawajaja kuposa, dada yake mkubwa alitumwa kuja kunitazama. Alikunywa chai, akaniuliza habari za sala na mapishi, nami nikamjibu kwa maneno machache, macho chini, kama mama alivyoniamuru. Alipoaga nilijibanza nyuma ya dirisha nisikie anavyompa mama taarifa uani.

"Mutoto ni muzuri," alisema. "Na tena, mudomo hana."

Mtu mwenye akili timamu angelala usingizi mtamu siku ile. Kwetu mwenye mdomo ni mgomvi, mtu wa kujibizana na kuchongea, na binti asiye na mdomo ndiye anayetafutwa kila nyumba. Lakini mimi tangu utotoni nilitaniwa kwa ajili ya mdomo wangu wa juu, ambao ni mwembamba kama umepigwa pasi. Nilichosikia ni kwamba wifi yangu mtarajiwa amekagua sura yangu akakuta kimepungua kitu. Sikumwuliza mama. Nilikwenda chumbani kujitazama kwenye kioo, na kweli, haukuwepo.

Binamu yangu wa Ubelgiji alikuwa amenitumia gazeti la wanawake la Kifaransa lenye kurasa mbili nzima juu ya midomo. Nilizisoma kwa bidii ambayo walimu wangu hawakuwahi kuiona. Njia zilikuwa mbili. Kwanza kisu: daktari anakata kwa ndani, anasukuma nyama mbele, anashona, na mdomo unabaki hivyo mpaka kaburini. Pili sindano ya kolajeni, dawa inayotolewa kwenye ngozi ya ng'ombe, ambayo inajaza mdomo kwa miezi michache halafu inayeyuka. Nikawaza sana. Kisu kikikosea kimekosea milele, sindano ikikosea nitajifungia ndani mpaka iishe. Lakini ndoa ni ya maisha, na je, mume akiamka asubuhi moja akakuta midomo imerudi kwao?

Karibu na soko kulikuwa na mama mwenye saluni, aliyewahi kukaa Kinshasa, ambaye alikuwa na sindano hizo kwenye friji nyuma ya chupa za soda. Nilimwuliza swali moja tu: huyo ng'ombe alichinjwa na nani? Alidhani namtania. Nilikuwa tayari kumdanganya mume, wifi na wazee wa pande zote mbili, lakini kwenye halali na haramu nikageuka mcha Mungu. Akanijibu kwamba ng'ombe alitoka mbali na yeye hakumwuliza dini yake. Halafu akanichoma kidogo mkononi kwa majaribio, akaniambia nisubiri wiki nne. Mkono ukikaa salama, nirudi tumalize mdomo.

Katika kusubiri huko nikaona nisikie na upande wa kisu. Mjini kulikuwa na daktari mmoja mzee aliyejulikana kwa kushona nyuso za watu, nami nikaomba ruhusa kazini nikaenda hospitalini kwake. Nilijifunika ushungi mpaka puani nisije nikaonwa na mtu wa Buyenzi. Kwenye benchi nilikaa karibu na mama wa makamo kutoka Kinama, naye amejifunika kitenge mpaka puani. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Pole, mwana wangu," alisema, na maneno yalimtoka kwa shida, yamekatikakatika. "We pia ni risasi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema hapana. Nilikuwa mwoga, na kusema kweli kwenye benchi lile kulihitaji moyo ambao sikuwa nao. Yule mama akanishika mkono, akainuka, akanipa nafasi yake karibu na mlango ili nitangulie kuingia. Nikaichukua.

Daktari alinifunua ushungi akatafuta jeraha. Alitafuta kwa makini kabisa, akageuza uso wangu huku na huku. Nikamweleza shida yangu kwa Kifaransa cha gazeti, nacho kilisikika kibaya zaidi mle ndani kuliko kwenye kioo changu. Hakucheka wala hakunikaripia. Alinimiminia maji kwenye glasi akaniambia ninywe. Nilipomaliza alitazama kidevu changu, kisha shingo, kisha kola ya nguo yangu, anatafuta tone.

"Mudomo inafanya kazi," alisema. "Sasa niitie ule mama."

Nilipomwita sikuweza kumtazama. Hapo ningependa kuandika kwamba nilibadilika. Haya yangu ilinifikisha kituo cha basi tu, na kabla sijashuka Buyenzi nilikuwa nimekata shauri: ni sindano.

Wiki ya nne umeme ulikatika siku tatu, na kolajeni ikaharibika pamoja na samaki wa mwenye saluni. Wageni wa posa walikuwa wanakuja Jumapili. Nikabaki na njia ya tatu, ambayo gazeti la Ubelgiji halikuijua: pilipili. Nilisaga mbili nyekundu, nikachanganya na mafuta ya kupikia, nikapaka midomo yote, nikangoja. Midomo ilikuja, tena upesi, ila upande wa kushoto ulikuja zaidi.

Walifika mapema mchana ili wawahi kurudi kabla njia hazijafungwa na askari: ami wa yule kijana, mama yake, dada yake, na yeye mwenyewe akakaa karibu na mlango. Niliingia na sinia ya chai huku machozi yananichuruzika. Dada yake aliniangalia kwa huruma akaniuliza polepole kama nimeumwa na nyuki.

"Si we ulisema mi sina mudomo?" nikamwambia.

Alishangaa, kisha akaelewa, akaanza kueleza mbele ya wote kwamba alikuwa amenisifu, kwamba maana yake ni binti mtulivu. Mama yangu alijifunika uso kwa kanga. Hapo palitosha kabisa kunyamaza. Lakini midomo ilikuwa inawaka moto, na aibu ya wiki nne nzima ilikuwa imenijaa kifuani, nikafungua yote. Nikasema gazeti, nikasema ng'ombe, nikasema yule mama wa Kinama asiyeweza hata kutamka vizuri, na jinsi nilivyomdanganya nikachukua nafasi yake. Nikasema tunakaa hapa tunakunywa chai na kusifiana kwa kunyamaza wakati watu wanaisha. Halafu nikafika kwenye jambo ambalo mtaa wote ulijua kutoligusa. Mdogo wao wa kiume alikuwa amepanda basi miaka miwili nyuma, akashushwa njiani pamoja na wengine, na hakurudi. Tangu siku hiyo nyumbani kwao hakutajwa.

"Na ndugu yenu?" nikauliza. "Mbona hamusemi hata jina yake?"

Mama yake alisimama. Wote wakasimama, wakatoka, na vikombe vikabaki vimejaa. Yule kijana alikuwa wa mwisho, na hakunitazama.

Nilijua nimempoteza. Baba alirudi gereji, na mama aliosha vikombe vile mara mbili. Nililia siku nne, na siku ya kwanza tu ndiyo naweza kuisingizia pilipili. Uvimbe ulikwisha, ngozi ikabambuka, na chini yake mdomo wangu ulikuwa vilevile.

Alhamisi alikuja peke yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, mengi, yamepangwa vizuri, nikaanza kuyatoa hata kabla hajakaa. Akanizuia kwa mkono.

"Mama analia tangu Jumapili," alisema. "Tangu ndugu yangu aende, hakulia hata siku moja. Amesema nije nikuulize kama bado unataka kuja kwetu."

Halafu akasema jina la mdogo wake. Akalirudia. Akaanza kunisimulia alivyokuwa akiiba sukari, alivyokuwa akichekesha watu kwenye sala mpaka baba yao akamhamishia safu ya mbele, alivyokuwa anaogopa mbuzi. Nilikaa mbele yake, sikutia hata neno moja. Saa ya kufunga njia ilipokaribia aliinuka kwenda, na alikuwa bado hajafika siku ya basi.