Nywila ya Justus

Justus wa Gongoni, mtunga programu za kompyuta, alikuwa na ugonjwa mmoja: chake hakiguswi. Ofisini walikuwa wawili tu, yeye na Advera, na Advera alishachoka kumwimbia: "Programu iwe yetu sote, Justus. Siku ukiugua, mimi nitarekebisha."

"Cha wote si cha mtu," Justus alimjibu. "Kila mzinga una alama ya mwenyewe. Ukifungua wa mwenzio, wewe mwizi." Baba yake alikuwa mrina asali, basi hoja zake zote zilitoka porini. Programu ya kupimia asali ya chama cha warinaji wa Usinge akaifunga kwa nywila yake, akalala usingizi wa pono.

Haya. Jumamosi moja akaenda huko huko Usinge kumposa Yustina, mdogo wake Advera. Suti imenyooshwa, mshenga kajiandaa, mbuzi kafungwa nje. Wazee wamekaa, ila baba wa binti, Mzee Valentino, hayupo. Saa nne ikapita, saa sita ikapita.

"Ikifika saa nane hajaja, mrudi na mbuzi wenu," akasema shangazi Eustadia, bila haya.

Simu ya Justus ikalia. Ni Advera.

"Weka sauti tusikie sote," shangazi akaagiza. "Ukweni hakuna siri."

"Shemeji, baba yuko hapa kwenye mzani wa chama. Pipa lake ni kilo mia na ishirini, programu yako inalikataa, na yeye haachi asali yake hata aitwe na malaika!"

Justus akakumbuka. Aliandika mwenyewe: kinachozidi kilo mia kikataliwe. Baba yake hakuwahi kufikisha hata themanini, angejuaje?

"Kompyuta ninayo. Nitajie nywila, dakika mbili tu."

"Nakuja mwenyewe."

"Thubutu!" shangazi akadakia. "Ukivuka kizingiti hicho, usirudi. Taja."

Yustina alikuwa amesimama mlangoni, macho kamkazia. Maskini Justus akataja:

"'Advera asiguse.' Herufi ndogo, maneno yameunganishwa."

Shangazi akaangua kicheko mpaka kilemba kikamdondoka.

Saa saba na nusu Mzee Valentino akaingia na Advera, ananukia moshi na asali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nywila yako nimeisikia, mwanangu. Alama ya mzinga ni ya kumjua mwenyewe. Moto wa pori ukija, yeyote apitaye anauteremsha mzinga mtini. Nani amekufundisha kutazama mzinga ukiungua?"

Justus akatozwa faini: mbuzi wa pili, na nywila mpya aichague Advera. Yustina akaulizwa kama anamtaka mgeni huyu.

"Namtaka," akasema, "lakini nywila aanze kuijua dada."

Advera akaichagua pale pale, akawanong'oneza wazee mmoja mmoja, mshenga naye.

Justus alipewa mchumba siku ile ile. Nywila alipewa Jumatatu.