Zena na Wimbo wa Pili

Mwaka ule tulikula ugali wa unga wa njano hadi kuku wakawa wanatutazama kama wezi wa chakula chao. Mwaka huohuo mjukuu wangu Zena, miaka kumi na sita, alisikika redioni. Wimbo wake wa kukuna nazi uliimbwa na Masaki nzima, kijiji chetu cha huku Kisarawe, na mie nikatembea kifua mbele. Mara ikaja barua ya kiongozi wa bendi yake, kutoka Kibaha: "Bibi, Zena anakataa wimbo wa pili. Wiki hii tunarekodi. Asipoimba, nafasi nampa mwingine." Niliisoma mwenyewe, herufi moja moja, kwa kisomo changu cha watu wazima. Nikasema, huyu mtoto ameota mapembe.

Alfajiri nikapanda lori la korosho hadi Kisarawe mjini, kisha basi. Saa tano nilikuwa Dar, nikabadili basi. Sikununua hata andazi, hasira ilinishibisha.

Saa nane, Kibaha. Niliwakuta wanafanya mazoezi kwenye banda nyuma ya nyumba.

"Mke mwenzangu," nikamwambia Zena, "siku hizi unaringa?"

"Siringi, Bibi. Muulize anataka niimbe nini."

Kiongozi, kijana wa bara mwenye adabu, akanipa kiti. "Shikamoo, Bibi. Ni ule anaouimba akiosha vyombo. Mtamu kweli!" Akaupiga mluzi.

Nikautambua palepale. Wimbo ule nilimfunza mimi alipokuwa mwali, amewekwa ndani, mlango umefungwa, tupo wanawake peke yetu. Mwanamume hausikii, seuze nchi nzima!

"Ni ngoma tu, Bibi. Mwambie."

Zena akaniwahi. "Za ndani siimbi nje. Nyingine ninazo."

"Basi nafasi utaikosa."

"Nikose."

Nikamgeukia kijana. "Umesikia 'siimbi', hukusikia 'ninazo'? Hebu pigeni magitaa, aimbe!"

Zena akaimba wake mpya, wa akina mama kwenye foleni ya sabuni. Mpiga ngoma akacheka, akaudaka. Kiongozi alinuna kidogo, halafu mguu wake ukaanza kugonga sakafu. "Haya," akasema, "tunarekodi huu."

Kesho yake, nikirudi Masaki, dereva wa lori akajua mie ni bibi wa nani. "Bibi, tuimbie basi zile za mwali. Tuko wenyewe humu!"

Nilikwenda Kibaha kumfunza mtoto adabu, nikarudi na maneno yake mdomoni. Nikamwambia: "Za ndani siimbi nje. Nyingine ninazo."