Mbwa wa Kichochoro Chetu Niliwaua Mimi

Kosa ni langu, na sitaki mtu anionee huruma. Mimi ni mzee. Shule niliacha darasa la tatu nikawa fundi wa kujenga, na nyumba ya mawe nimejenga kwa jasho langu. Heshima ninayo. Hiyo heshima ndiyo imenifanya ninuke.

Tunakaa kichochoro kimoja karibu na soko la Kianjokoma. Wezi wa ng'ombe walipotusumbua sana, majirani tulikubaliana kila mtu awe anafungulia mbwa wake jioni. Mbwa wakawa wa wote. Wakibweka, mtu anapiga firimbi na wanaume wote wanatoka na rungu. Wezi wakatuhama.

Lakini mbwa wa jirani yangu mjane, Mama Wanja, alikuwa anaingia kwangu kula mayai. Nikamwambia amfunge.

"Mzee, si tulikubaliana wasifungwe?" akanijibu pale dukani. "Wewe jenga nyumba ya kuku vizuri. Ama ufundi wako ni wa nyumba za watu tu?"

Watu wakacheka. Mimi nichekwe na mwanamke mbele ya duka? Nikatafuta nyama, nikatia dawa ya kunyunyizia kahawa, nikairusha vipande vipande kando ya ua wa Mama Wanja. Nilitaka kuua mmoja. Asubuhi mbwa wote walikuwa wamelala wamekufa kichochoro kizima, povu mdomoni, hata wangu.

Nikanyamaza. Watu wakasema ni wezi wanajitengenezea njia. Na kweli, hiyo wiki haikuisha kabla wezi hawajakuja. Hakuna kilichobweka. Ng'ombe wa Mama Wanja, yule alikuwa akisomeshea watoto, akaenda. Tulikuta kamba imekatwa.

Tukakutana kwa uwanja wa kanisa. Mtu akauliza, nani hapa hushika dawa kila siku? Macho yote kwa Njeru, mpangaji ambaye kazi yake ni kunyunyizia kahawa ya watu dawa. Njeru akasimama, mke wake kando yake na mtoto mgongoni.

"Leteni kiapo cha wazee, kile cha mbuzi kinachoua mwongo," akasema. "Mimi nile wa kwanza. Halafu kila mwanaume wa hapa ale nyuma yangu, tuone ni nani atakufa."

Wote wakanitazama. Mimi ndiye huwasumbua kila siku ati watoto wa siku hizi wameharibika tangu tuache kiapo.

Sasa sikia uchafu wangu. Nilisimama, nikavua kofia, nikasema sisi ni watu wa Yesu, mambo ya kuapia mbuzi ni giza. Mimi, ambaye kanisa huniona Krismasi na siku za matanga! Mchungaji akapiga makofi.

"Leo mzee ameokoka," mtu akasema huko nyuma, wakacheka kwa furaha.

Njeru hakucheka. "Mzee, hicho kiapo ndicho kingenisafisha," akaniambia. "Sasa nitajisafisha na nini?"

Nilivaa kofia.

Kazi yake ikaisha, maana nani ataita mtu wa sumu kwa shamba lake? Mwenye nyumba akamwambia ahame. Wakapakia godoro na sufuria kwa mkokoteni, wakaenda upande wa Kanja. Mimi nilikuwa nimeegemea geti langu nikiwatazama wakipita. Mke wake alinisalimia.

Siku hizi firimbi ikilia hakuna mtu hutoka. Kila mmoja anafikiri jirani yake ndiye alikula njama na Njeru. Mbwa wapya wako kwa minyororo, kila mtu na wake. Na mimi wamenifanya mwenyekiti wa usalama, ati nina busara.

Wewe mzee mwenzangu unayeficha kosa lako nyuma ya mvi ama nyuma ya Biblia, sema siku hiyo hiyo. Ningesema, wangenicheka, ningelipa mbwa, yangeisha.

Jumapili iliyopita Mama Wanja alinisimamisha nikipita nje ya kanisa. "Mwenyekiti, hebu tuombe Mungu amfichue huyo mtu aliyetufanyia hivi." Akanishika mkono, akainamisha kichwa. Nikafunga macho nikaomba kwa sauti, vizuri kabisa, wala ulimi wangu haukukwama hata mara moja. Hapo ndipo nimefika. Wewe usifike.